Nani Anahesabu Undugu?

Katika muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, mwalimu wetu wa tafsiri alitupa ukurasa mmoja wa Kifaransa kuhusu ukoo wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 12, akatutaka tuutafsiri kwa Kiswahili ndani ya wiki moja. Sisi tunaosoma Bujumbura tumekizoea Kifaransa tangu shule ya msingi, kwa hiyo nilidhani kazi ingekwisha jioni moja. Nilikwama kwenye mstari wa sita. Mstari huo ulimtaja Marie, binti wa mfalme Louis VII, na mwanamke aitwaye Adèle wa Champagne, ambaye mwandishi alimwita belle-mère wa Marie.

Kwa Kifaransa neno hilo ni moja kwa watu wawili: mama wa mume wako, na mke wa baba yako asiyekuzaa. Kiswahili hakikubali kuwachanganya. Ama uandike mavyaa, ama uandike mama wa kambo, na ukikosea umeharibu ukoo mzima. Mistari michache baadaye, Adèle yuleyule aliitwa belle-sœur wa Marie, yaani wifi yake. Nilidhani ni kosa la chapa. Mtu atakuwaje mama yako na wifi yako kwa wakati mmoja? Nikachukua karatasi nikaanza kuchora mti wa ukoo. Insha hii ni habari ya mti huo: yale ulionifundisha kuhusu ndoa za makabaila wa Ufaransa, na jambo moja ulilonilazimisha kulitazama nyumbani kwetu.

Nilianza na wazazi wa Marie. Mama yake, Aliénor, alirithi jimbo la Aquitaine, kusini-magharibi mwa Ufaransa, baba yake alipofariki Aprili 1137 akiwa katika safari ya kuhiji Compostela. Jimbo hilo lilikuwa kubwa kuliko nchi ambayo mfalme mwenyewe aliitawala moja kwa moja. Kwa makabaila wa wakati ule, mke alikuja na ardhi, ngome na watu waliowajibika kumtii mwenye ardhi hiyo, kwa hiyo binti mrithi hakuachwa akae muda mrefu bila mume. Tarehe 25 Julai mwaka uleule, Aliénor aliozwa Louis huko Bordeaux. Siku saba baadaye baba wa Louis alifariki, na binti yule, ambaye alikuwa bado kijana mno, akawa malkia wa Ufaransa.

Walikaa katika ndoa karibu miaka 15. Walizaa watoto wawili: Marie mwaka 1145, kisha Alix miaka michache baadaye. Wote wasichana. Ufalme ulisubiri mwana wa kiume na hakuja. Hapo ndipo suala la undugu lilipoibuka.

Kanisa la wakati huo lilikataza watu wenye babu mmoja kuoana mpaka kizazi cha saba. Ilikuwa ni kupanda kutoka kwa kila mmoja, kizazi kwa kizazi, hadi kwa babu wanayemshiriki. Katika kuhesabu huko Kiswahili kilinisaidia kuliko Kifaransa. Kifaransa hurudia arrière, arrière, arrière mpaka msomaji apotee njiani. Sisi tuna mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza, kila kizazi na jina lake. Nikayaandika maneno hayo pembeni mwa karatasi kama ngazi, nikaanza kushuka kutoka kwa mfalme Robert II, aliyefariki mwaka 1031.

Robert II alimzaa Henri I, Henri akamzaa Philippe I, Philippe akamzaa Louis VI, na huyo akamzaa Louis VII. Basi Louis VII alikuwa kilembwe wa Robert. Upande wa pili, Robert II alimzaa Robert mtawala wa Bourgogne, aliyemzaa Hildegarde, aliyemzaa Guillaume IX wa Aquitaine, aliyemzaa Guillaume X, baba wa Aliénor. Basi Aliénor alikuwa kilembwekeza. Kilembwe na kilembwekeza wa mtu mmoja walikuwa wameoana, na kwa sheria ya vizazi saba hawakuwa na ruhusa.

Hapa niliona jambo la kwanza la ajabu. Undugu huo haukugunduliwa mwaka 1152. Ulijulikana zamani. Mwaka 1149, mfalme na malkia walipokuwa wakirudi kutoka katika Vita vya Msalaba huku ndoa yao ikiyumba, walipita kwa Papa Eugenio III karibu na Roma. Papa aliwapatanisha, akaithibitisha ndoa yao, akakataza mtu yeyote kuutaja tena undugu wao ili kuivunja. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 21 Machi 1152, maaskofu wakuu walikutana Beaugency wakautaja undugu uleule, na ndoa ikatangazwa batili. Aliénor alirudishiwa Aquitaine yake. Mabinti walihesabiwa kuwa watoto halali, wakabaki kwa baba yao. Marie alikuwa na umri wa miaka saba hivi.

Zilipita siku 58. Tarehe 18 Mei, Aliénor aliolewa huko Poitiers na Henri Plantagenêt, mtawala wa Anjou na Normandie, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza. Nikapanda ngazi yangu tena. Henri na Aliénor walikuwa wote vilembwe wa Ermengarde wa Anjou, mwanamke aliyeolewa mara mbili na kuzaa pande zote mbili. Kilembwe kwa kilembwe: Aliénor alikuwa karibu zaidi kidamu na mume wa pili kuliko wa kwanza. Ndoa hiyo haikuvunjwa. Ilileta watoto wanane, watano wa kiume.

Nilijua kwamba Louis pia alioa tena, nikataka kuona kama yeye angalau alijifunza kuhesabu. Mwaka 1154 alimwoa Constance wa Castilla. Ukoo wake nao unapanda: baba yake Alfonso VII, bibi yake Urraca, mama wa Urraca aliyeitwa pia Constance, kisha Robert wa Bourgogne, kisha Robert II. Kilembwekeza. Constance alifariki akijifungua mwaka 1160, na wiki chache tu baadaye Louis akamwoa Adèle wa Champagne. Baba wa Adèle ni Thibaut, mama wa Thibaut ni Adèle wa Normandie, mama wa huyo ni Mathilde wa Flandre, mama wa Mathilde ni Adèle wa Ufaransa, binti wa Robert II. Kilembwekeza.

Nilirudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Wake wote watatu wa Louis VII walikuwa vilembwekeza wa babu yuleyule, sawasawa bila kupungua kizazi wala kuzidi. Mmoja alitolewa kwa ajili ya damu hiyo. Wawili waliingizwa bila damu hiyo kuwazuia, na kwa Adèle akazaliwa mwaka 1165 mwana aliyesubiriwa, Philippe II.

Mwanahistoria Georges Duby, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu kabaila, mwanamke na padri, anaeleza kwamba katika Ufaransa ya enzi hizo kulikuwa na namna mbili za kuielewa ndoa zilizovutana. Kwa mapadri, ndoa ilikuwa kifungo kimoja kisichofunguliwa, na watu wa damu moja hawakupaswa kufungwa pamoja. Kwa makabaila, ndoa ilikuwa mpango wa nyumba mbili kwa ajili ya urithi. Katika mti wangu niliona namna hizo mbili zikitumika pamoja. Kabaila aliyetaka kumwacha mke hakuweza kusema amemchoka, kwa sababu Kanisa halikuruhusu talaka. Lakini aliweza kuwaomba wazee wa ukoo wahesabu. Na kwa kuwa nyumba kubwa zilikuwa zimeoana kwa muda mrefu, hesabu ya vizazi saba haikukosa kitu.

Mfano mkali zaidi ni wa Philippe II mwenyewe. Mke wake wa kwanza, Isabelle wa Hainaut, alifariki mwaka 1190. Tarehe 14 Agosti 1193 alimwoa Ingeborg, binti wa mfalme wa Denmark, na kesho yake akataka kumrudisha kwao. Novemba mwaka huohuo maaskofu walikutana Compiègne wakatamka kwamba Ingeborg alikuwa na undugu na marehemu Isabelle, hivyo ndoa ni batili. Aliyeongoza kikao alikuwa Guillaume, Askofu Mkuu wa Reims, kaka wa Adèle. Kwa lugha yetu, mjomba wa bwana harusi ndiye aliyehesabu.

Ila safari hii mke alikataa. Ingeborg alikuwa kijana, mgeni, hakukijua Kifaransa, lakini alikata rufaa Roma. Wadenmark walileta mti wao wa ukoo kuonyesha kwamba hesabu ya Compiègne ilikuwa ya uongo, na mwaka 1195 Papa Selestino III akakataa uamuzi wa maaskofu. Philippe hakutii. Alimwoa Agnès wa Merania mwaka 1196, huku Ingeborg akifungiwa katika nyumba za watawa na ngome. Mwaka 1200 Papa Inosenti III alipiga marufuku ibada katika nchi ya Philippe kwa miezi kadhaa. Agnès alifariki mwaka 1201, lakini ilikuwa mpaka mwaka 1213 ndipo Philippe alipomrudisha Ingeborg kwenye nafasi yake ya malkia. Miaka 20 kwa ajili ya siku moja ya harusi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano ulipunguza katazo kutoka vizazi saba hadi vinne. Mlango ambao wafalme walikuwa wakitokea ukawa mwembamba. Ukimhesabu Aliénor kwa upande wake, kilembwekeza tayari yuko nje ya mpaka huo.

Wiki ilipokwisha nilisimama mbele ya darasa na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika hitimisho kali: kwamba kwa makabaila hawa undugu haukuwa kitu, ulikuwa wino tu, ukitolewa ulipohitajika na kufichwa ulipokera. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu hakupinga. Aliuliza tu, "Na Marie je? Wewe ulianza na Marie, kisha ukamwacha."

Ni kweli, nilikuwa nimemwacha. Nikarudi kwenye mti, sasa nikimweka yeye katikati.

Baada ya wazazi kutenganishwa, mabinti wa Louis waliahidiwa ndugu wawili wa nyumba moja: Marie kwa Henri wa Champagne, Alix kwa Thibaut wa Blois. Adèle alikuwa dada wa vijana hao. Kwa hiyo Louis alipomwoa Adèle, alikuwa shemeji wa wakwe zake, na Adèle akawa mama wa kambo wa Marie na wifi yake kweli. Halikuwa kosa la chapa. Alimzidi Marie kwa miaka michache tu.

Mwaka uleule wa 1160 kulikuwa na harusi nyingine. Louis alikuwa amezaa na Constance binti aitwaye Marguerite. Aliénor alikuwa amezaa na Henri Plantagenêt mwana aitwaye Henri. Bwana harusi alikuwa na miaka mitano, bibi harusi miwili. Hapo nilikosea tena katika tafsiri. Ukurasa ulisema nchi ya Vexin, pamoja na ngome ya Gisors, ilikuwa dot ya Marguerite, nami nikaandika mahari. Kwetu Burundi mtu akisema dot kwa Kifaransa, kila mmoja anaelewa mahari, ng'ombe au fedha zinazotoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa mke. Lakini kwa makabaila wale mali ilitoka upande wa mke kwenda naye kwa mume. Vexin ilimfuata Marguerite, na ndiyo maana watoto wachanga waliharakishwa kuozwa. Nikafuta mahari, nikaandika "mali aliyokwenda nayo bibi harusi".

Lakini kilichonishika si Vexin. Ni kwamba Marguerite alikuwa dada wa Marie kwa baba, na Henri mdogo alikuwa kaka yake kwa mama. Siku ile ndugu zake wa pande mbili walioana. Maaskofu wa Beaugency walikuwa wamevunja ndoa moja, lakini hawakuweza kumgawa Marie.

Hapo niliweka kalamu chini. Wazazi wangu waliachana nilipokuwa na miaka sita. Nilibaki kwa baba, Buyenzi, nikalelewa na mke wake, ambaye sijawahi kumwita jina lingine ila mama mdogo. Mama yangu aliolewa tena Uvira, ng'ambo ya mpaka, akazaa watoto wawili wa kiume. Shangazi yangu, ambaye ninampenda na kumheshimu, ana namna yake ya kuwataja: "watoto wa mama yako". Hajawahi kusema wadogo zako. Nami kwa miaka mingi nilifuata hesabu yake, kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na kwetu wakubwa ndio wanaojua ukoo. Nilipojaza fomu za chuo, penye idadi ya ndugu niliandika wa Buyenzi tu. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikiwacheka maaskofu wa karne ya 12 kwa kuhesabu wanavyotakiwa.

Kwa hiyo nilitafuta kama Marie alihesabu tofauti, na nikapata jambo moja. Mdogo wake Richard, mwana wa Aliénor aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, alikamatwa akirudi kutoka Vita vya Msalaba, akafungwa katika nchi za Wajerumani hadi mwaka 1194. Akiwa kifungoni alitunga wimbo wa kulalamika kwamba marafiki wamemsahau, na mwishoni anamgeukia dada yake. Dada huyo ni Marie. Wakati huo mfalme wa Ufaransa, adui mkubwa wa Richard, alikuwa Philippe II, mdogo wake Marie kwa baba. Mwanamke mmoja alikuwa dada wa maadui wawili, na mfungwa alijua kwamba anaweza kumwita.

Marie alifariki mwaka 1198. Hakuiona harusi ya mwisho katika mti wangu. Mei 1200, ili kufunga amani kati ya Philippe na mfalme John, Aliénor mwenyewe, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amesafiri hadi Castilla kumchukua mjukuu wake Blanche. Blanche aliozwa mwana wa Philippe, aitwaye Louis. Harusi ilifanyika Normandie, katika ardhi ya John, kwa sababu nchi ya Philippe ilikuwa chini ya ile marufuku ya ibada iliyoletwa na suala la Ingeborg. Bwana harusi alikuwa mjukuu wa Louis VII, bibi harusi mjukuu wa Aliénor. Mtoto wao ndiye Louis IX, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu. Hesabu na wewe, msomaji: ni kitukuu wa Louis na ni kitukuu wa Aliénor. Wawili waliotenganishwa kwa sababu ya babu mmoja wa kale waliishia kuwa na kitukuu mmoja.

Sijabadilisha hitimisho langu lote. Ninaendelea kuamini kwamba kwa makabaila wale mwenye nguvu ndiye aliyeamua vizazi vihesabiwe lini, na aliyelipa gharama mara nyingi alikuwa mke. Nilichofuta ni ile sentensi kwamba undugu haukuwa kitu. Kama haungekuwa kitu, wafalme wasingehitaji kuuapia mbele ya maaskofu, Ingeborg asingeupinga kwa miaka 20, na Richard asingemwita Marie.

Tafsiri ilirudi na marekebisho. Kwa Adèle nilikuwa nimeandika "mama yake mdogo, ambaye pia alikuwa wifi yake". Mwalimu alikata mama mdogo akaweka mama wa kambo, na alikuwa na haki: msomaji angeweza kudhani Adèle ni mdogo wa Aliénor. Nilikubali katika tafsiri, ingawa nyumbani siwezi kulitamka neno hilo. Kwa Richard, Kifaransa kilisema demi-frère, yaani nusu ya kaka. Kiswahili hakimkati ndugu vipande. Husema mama mmoja, baba mbalimbali. Niliandika "mdogo wake, mama mmoja", na hapo mwalimu hakugusa.

Likizo ilipofika niliaga nyumbani kwamba ninavuka kwenda Uvira. Shangazi aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, ninakwenda kuwaona wadogo zangu." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza wamefika darasa la ngapi.